Matumbo Mlangoni kwa Abdinur

Kazi ya Mumina ilikuwa kufukuza korongo kwenye kiwanja kidogo cha ndege nje ya Garsen. Alikuwa Mworma aliyekulia nyuma ya ng'ombe, na mjeledi wake ulilia kama bunduki. Lakini korongo wale wenye vipara hawakwenda mbali. Walipaa, wakazunguka, wakarudi, kwa sababu mkokoteni wa Abdinur, mwenye machinjio, ulimwaga matumbo ya ng'ombe kila asubuhi vichakani, kiwanja kinapoishia.

Mumina alimwendea kwa upole. "Abdinur, tupa mbali. Wallahi, watu watakufa hapa."

Abdinur akacheka. "Si unalipwa kuwafukuza? Fukuza!"

Mumina akamwambia Jasper, msimamizi wa kiwanja. Jasper akaahidi kuzungumza na Abdinur. Hakuzungumza.

Kisha ndege ikaitwa kumchukua Esha wa kijiji cha Chara, aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua. Mumina alikimbia huku na huku akipiga mjeledi hadi sauti ikamkauka. Ndege ilipokuwa inatua, korongo mmoja aliinuka vichakani akaivaa. Propela ikapinda. Rubani alitua salama, ila hakuweza kupaa tena. Esha akapelekwa Malindi kwa gari, akafika amezimia. Alipona, lakini ilibidi atolewe kizazi.

Jasper alimgeukia Mumina mbele ya watu. "Ulikuwa umelala?"

Mumina akaukunja mjeledi wake, akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata alisimama katikati ya njia, akamshika punda wa Abdinur hatamu. Mwendeshaji alipouona uso wake, alishuka mwenyewe. Mumina akaugeuza mkokoteni hadi buchari ya Abdinur sokoni, akayamwaga matumbo yote mlangoni. Wateja walitoka mbio wameziba pua. Muda si muda korongo wakashuka.

"Una wazimu, mama!" Abdinur alipiga kelele.

"Si unajua kazi yangu? Haya, fukuza!"

Chifu Jatani alipofika, Abdinur alitaka mwanamke huyo akamatwe. Chifu alitazama uchafu ule, akauliza ulikuwa ukitupwa wapi siku zote. Mumina akanyoosha kidole upande wa kiwanja. Chifu akaamuru shimo lichimbwe mbali na kiwanja, nalo likachimbwa.

Jasper alimtaka Mumina aombe radhi kwa fujo ya sokoni.

"Esha ameombwa radhi na nani?" Mumina aliuliza.

Akafutwa kazi siku hiyo. Sasa anauza maziwa stendi ya Garsen. Abdinur akimpa salamu, Mumina anageuza uso.