Kidole Gumba cha Bibi na Zaburi Iliyohama

Jumapili iliyopita, kanisani kwetu Mpuguso, mchungaji alitaja Zaburi, na dada aliyekaa pembeni yangu akawa ameshaifungua kwenye simu kabla sijamaliza kupiga chafya. Mguso mmoja tu! Nikacheka peke yangu. Nilimkumbuka bibi yangu, ambaye hakuhitaji simu wala miwani. Yeye alikuwa na kidole gumba.

Rafiki yangu, mvua ya huku Rungwe unaijua. Kitu ukikiacha kabatini wiki mbili kinaota ukungu. Kwa hiyo Biblia ya bibi ilikaa jikoni, kwenye dari la matete juu ya mafiga, pamoja na mahindi ya mbegu. Ilikuwa kavu, na ilinukia moshi na ndizi za kuchoma. Mpaka leo nikipita jikoni kwa mtu nikasikia moshi wa kuni, nusura niseme amina.

Macho ya bibi yalikuwa yamefifia. Lakini kila Jumapili alasiri, akina mama walipokuja kwetu kusali, aliipakata ile Biblia, akazamisha kidole gumba ubavuni mwa kurasa bila kutazama, na kuifungua. Zaburi! Hakukosea hata siku moja. Mama jirani, mtu wa utani sana, alikuwa akipiga vigelegele kama vile harusi imeingia. Mimi ndiye niliyesoma, na baada ya hapo tulikunywa chai ya maziwa na viazi vya Isongole.

"Zaburi inakaa katikati," alinifundisha tukimenya ndizi. "Mbele yake kuna sheria, halafu waamuzi na wafalme. Nyuma yake manabii, wakubwa kwanza, halafu wale wadogo kumi na wawili wamejipanga kama watoto wa shule. Ukivuka hapo unakuta Injili nne, Matendo, barua, na Ufunuo anafunga mlango."

Sasa sikia balaa. Jumamosi moja, nikiwa na miaka kumi, bibi yuko shambani anachuma chai, nikapanda kigoda niitoe Biblia nimfutie masizi. Gundi ilikuwa imekaushwa na joto la miaka yote ile. Biblia ikaniponyoka, ikaanguka chini, ikatawanyika vipande vipande juu ya maganda ya ndizi.

Ungesema nipange kwa namba za kurasa. Panya walikuwa wamekula pembe zote, na namba zilikuwa hukohuko pembeni. Nikabaki na wimbo wetu wa shule ya Jumapili wa kutaja vitabu. Niliimba huku nalia, Mwanzo, Kutoka, Walawi, napanga, naimba, napanga. Nikachukua sindano ya kushonea magunia ya viazi, nikashona Agano la Kale lote. Nilipofika Malaki nikajifuta jasho, nikaona kitu chini ya kigoda. Mambo ya Nyakati! Cha kwanza na cha pili, na karatasi moja ya Wafalme imeng'ang'ania mbele. Kumbe niliimba nikiviruka. Kufumua nilishindwa, bibi alikuwa karibu kurudi. Nikavishonea hapohapo baada ya Malaki, nikamalizia na Agano Jipya.

Nikakimbilia kwa mwalimu, jirani yetu aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba.

"Shikamoo mwalimu. Mtu akikosea kupanga Biblia anaenda motoni?"

"Marahaba. Motoni tena! Umefanya nini wewe?"

Nikamweleza. Alicheka hadi akakaa chini.

"Wayahudi Maandiko yao wanayapanga mafungu matatu," akasema. "Torati, Manabii, halafu Maandiko mengine. Na kitabu cha mwisho kabisa kwao ni hichohicho Nyakati! Sisi Wakatoliki tuna vitabu sabini na vitatu, nyinyi mna sitini na sita. Kwa hiyo motoni huendi. Ila ile karatasi ya Wafalme, hata Wayahudi hawakutetei."

Nilirudi nikirukaruka, na sikumwambia bibi kitu. Nilisahau jambo moja tu: kidole gumba. Nyakati vilikuwa vinakaa mbele ya Zaburi. Nilipovihamishia nyuma, Zaburi ikasogea mbele, ikaacha kukaa katikati.

Jumapili, nyumba imejaa. "Haya bibi," akasema mama jirani, "tuonyeshe maajabu yako!" Bibi akazamisha kidole, akafungua, akanipa huku anatabasamu. Nikatazama. Isaya.

Sikutaka aibike mbele ya wenzake. Zaburi kadhaa nilikuwa nazo kichwani, basi nikakazia macho Isaya na kuanza kughani Zaburi. Sikufika mbali. Mkono wa bibi ulitua juu ya ukurasa, ukapapasa. Karatasi za Zaburi zilikuwa laini kama kanga ya siku nyingi. Hii ilikuwa ngumu.

"Gwe mwana," akasema taratibu, "mdomo wako uko kwenye Zaburi. Hii karatasi siyo."

Nikalia mbele ya wote, nikasema yote, na ya Wayahudi nikayaunganisha humohumo kwenye kwikwi. Mama jirani akasema, "Kumbe bibi tumekuingiza Uyahudi bila kukuuliza!" Nyumba ikalipuka kwa kicheko, bibi akiongoza.

Nilijitolea kufumua na kushona upya. Alikataa. "Mshono wa mjukuu wangu haufumuliwi. Kidole kitajifunza."

Na kilijifunza, ingawa kwa Jumapili kadhaa kiliangukia Isaya kwanza, akina mama wakimtania, naye akipapasa kidogo kidogo kurudi kwenye Zaburi.

Bibi hayupo tena. Jiko la matete lilibomolewa, siku hizi tunapikia gesi. Mimi nina ndoto ya kufungua kibanda mjini Tukuyu, nishone vitabu vya watu vilivyochakaa, na nimeshanunua sindano. Biblia yake ninayo. Ukiitazama ubavuni utaona doa jeusi la kidole penye Zaburi, la miaka mingi kabla yangu. Pembeni yake kidogo, penye Isaya, kuna jingine hafifu. Hilo ni langu. Ndipo alipokuwa akikosea kwa ajili yangu.