Utani Uliokosa wa Kuujibu

Mtani wangu amekufa, na nilipopewa habari nilicheka. Msinihukumu kabla sijamaliza. Yule mama, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alikuwa na kawaida ya kunipigia simu kutoka Mikumi kunitangazia kifo chake mwenyewe: mtani, nimekufa tangu asubuhi na sanda sijaiona, ninyi Wasagara ubahili utawazika. Mimi namjibu kwamba Mnyamwezi hata akifa atainuka aulize mzigo wa kubeba uko wapi. Sasa juma lililopita namba yake ikaita nikiwa kwenye mashine yangu ya kukoboa mpunga hapa Kilosa. Kelele zilikuwa nyingi, nikatoka nje. Alikuwa binti yake. Akanipa shikamoo, nikaitika, akasema mama amefariki. Nikamwambia, "Mwambie mama yako afufuke upesi, mchele wake uko tayari." Nikasikia binti anavuta pumzi, halafu kilio, ndipo nikajua kwamba safari hii hakuna aliyekuwa akitania.

Kwa vijana wanaosoma safu hii na hawajui utani ni nini, maana siku hizi mnajua kutukanana tu, nieleze. Sisi na Wanyamwezi tu watani tangu enzi za misafara ya miguu iliyokatiza kwetu kwenda pwani. Wazee walituambia tulipigana, tukanyang'anyana, mpaka pande zote zikachoka kuzika watu wao. Walipochoka wakabadilisha silaha, wakaweka maneno. Kwa hiyo utani ni vita vilivyochoka. Una sheria zake: humgusi mama wa mtu, husemi ugonjwa wa mtu, na anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Kubwa kuliko zote, mwenzako akifiwa, wewe ndiye wa kwanza kufika, unapasua kuni, unachimba kaburi, na unawachekesha wafiwa mpaka wakumbuke kwamba wao bado wazima. Mimi darasa la nne sikulimaliza, nilianza maisha kwa kubeba magunia ya vitunguu ya watu wa Lumuma, na leo wenye shahada wanasubiri nafasi kwenye gazeti hili nami ninayo. Lakini elimu hiyo ya utani niliipata nyumbani, na sijaona chuo kinachoitoa.

Mwalimu huyu nilimfahamu miaka mingi iliyopita alipokuwa akifundisha shule moja huko bondeni Tindiga. Nilikuwa nimepeleka mchele wa chakula cha wanafunzi, wa bure. Sikuutoa kwa sifa. Naam, kwa sifa pia, kwa nini nidanganye. Nikafika nikakuta shule nzima haifundishwi. Siku chache nyuma ng'ombe walikuwa wameingia kwenye mashamba ya mpunga, wazazi wakashikana, na watoto nao wakalileta shuleni lile la nyumbani. Watoto wa wakulima walikaa upande mmoja wa uwanja, wa wafugaji upande wa pili, katikati mawe waliyorushiana tangu asubuhi. Hata kikombe cha kunywea maji walikuwa na chao hawa na chao wale. Mwalimu mkuu alikuwa ameshakata fimbo. Nami nikamwambia azidishe, maana mimi nililelewa kwa fimbo na mnaniona nilivyo. Ndipo yule mama akaomba apewe darasa lake la tano kwanza, na fimbo ingoje.

Akawakalisha kwenye mchanga, akawauliza nyumbani wanasema nini juu ya wenzao. Akasema haya, leo semeni, lakini kwa sheria. Akawatajia zile sheria nilizowaeleza, na akaongeza moja yake: atakayekasirika atawachotea maji waliomtania. Tukangoja. Kisha kijana mmoja wa kifugaji, mwembamba, shuka begani, akainuka akamwelekea mtoto wa mkulima aliyekuwa amempasua mdomo asubuhi hiyo kwa jiwe. Akamwambia, "Ninyi mnamwogopa ndege mdogo kama kidole, mnashinda shambani kutwa mnampigia makelele. Sasa mkulima umekuja shule, leo ndege wanakula nini?" Upande wa wafugaji wakaguna, hawajui kama wanaruhusiwa kucheka. Mtoto wa mkulima akafikiri, akasimama, akasema, "Wanakula maziwa yako. Ndiyo maana wameshindwa kuruka." Nawaambia, uwanja ulivunjika kwa vicheko. Wakaja wengine: baba yako anajua jina la kila ng'ombe, la kwako anamwuliza mama. Upande wa pili wakajibu: ninyi mnakula majani mpaka ng'ombe wetu wakiwaona wanadhani ni ndugu zao waliopotea. Mpaka kengele ya chakula inalia walikuwa wamechanganyika, na mchele wangu ukaliwa kwenye sinia moja. Mimi nikamvuta mwalimu pembeni nikamwambia anawafundisha watoto matusi. Akanitazama kama mtu anayetazama gunia lililooza. "Mtani," akasema, "matusi wameshafundishwa nyumbani. Mimi nawafundisha kuyacheka bila kuokota jiwe."

Mchezo ule ukawa desturi ya shule. Wale wawili, mwembamba na yule aliyempasua mdomo, wakawa mabingwa. Ijumaa watu walikuwa wakipita makusudi kuwasikiliza, na kila pambano lilianza na lile la ndege na kujibiwa kwa lile la maziwa, kama salamu na kiitikio. Baadaye baba yake yule mwembamba akafa. Asubuhi yake watoto wa wakulima wakaonekana wanakuja bomani kwa msururu, kila mmoja na kuni kichwani, mbele yupo hasimu wa yule mwembamba. Wazee wa boma wakadhani wametumwa kufanya uchokozi. Watoto wakatua kuni, na yule bingwa wa wakulima akamwambia mwenzake, mbele ya maiti, kwamba sasa ng'ombe watakosa mtu wa kuwaita majina. Mwembamba akalia na kucheka kwa pamoja. Mimi nilihadithiwa, sikuwepo.

Mnadhani alipewa shukrani? Wazazi wa pande zote mbili walipatana kwa mara ya kwanza, wakapatana kumshtaki yeye. Wakulima wakasema anawazoesha watoto wao na wezi wa mazao. Wafugaji wakasema anawafanya watoto wao vichekesho. Ofisi ya elimu ikamhamishia shule ya huku Chanzuru, na kule Tindiga wakaleta semina. Nilihudhuria, kwa kuwa mchele wa wageni ulikuwa wangu. Wakasema watoto wajengewe ustahimilivu. Neno zuri, nililipenda, nikanyoosha mkono nikauliza wastahimili nini hasa. Yule mtoa mada akasema wastahimili changamoto. Nikamwambia changamoto hizo zina majina na zingine zimekaa hapa mbele zinakunywa soda. Watu wakacheka, wakaendelea. Mpaka wa malisho na mashamba haukuwekwa. Njia ya ng'ombe kwenda majini haikutengwa. Hilo lilikuwa la watu wazima, na watu wazima walikuwa kwenye semina ya watoto.

Msimu uliopita ng'ombe wakaingia tena, na shamba walilomaliza ni la yule bingwa wa wakulima, sasa mtu mzima mwenye mke na watoto, mpunga ukiwa umeshainamisha vichwa. Ng'ombe wenyewe walikuwa wa nyumba ya yule mwembamba. Vijana wakatoka na mapanga na marungu. Mdogo wake mkulima akavunjwa mkono, ng'ombe wakakatwa miguu wakiwa hai. Na simu zikafanya kazi yake. Matusi yaliyopita kwenye makundi ya simu siku zile hayakuwa na sheria hata moja. Mama za watu waliguswa, wafu waliguswa, na hakuna aliyewachotea wenzake maji.

Nilipokwenda Mikumi kumwona mwalimu mara ya mwisho alikuwa amebaki mifupa, lakini ulimi ule ule. Alinikaribisha kwa kusema nimekuja kumpima kaburi. Kisha akaacha masihara. Akasema hapa hana ukoo, na sisi watani wa kurithi hatumtoshi. Anataka wale wawili waje kwenye maziko yake wamtanie kama walivyokuwa wakitaniana. Hata neno moja moja. "Wakijibizana," akasema, "nitajua sikupoteza chaki." Nikamwahidi nitawaita. Alipofariki nikawaita wote wawili. Mkulima akaniamkia vizuri, akaniambia atakuja kwa sababu ya mwalimu, si kwa sababu ya mtu mwingine. Mfugaji naye akaniamkia, halafu akaniuliza, "Mzee, nikija watanitania au watanikata?" Nikamwambia mimi nipo. Akasema haya.

Siku ya maziko nilifanya kazi yangu. Nilivaa kanga ya marehemu, nikatembea kama alivyotembea, kiuno mbele na daftari kwapani, nikawakagua kucha wazee wenzangu. Binti yake akacheka, na ndicho nilichokifuata. Mkulima alikuwepo, anachimba, hasemi. Jeneza likiwa karibu kushushwa, mfugaji akatokea upande wa barabara kuu, peke yake, fimbo mkononi na kibuyu cha maziwa begani. Vicheko vikakatika. Wanaume waliokuwa na majembe wakayashika vizuri zaidi. Yule mwembamba, sasa ana ndevu, akaja mpaka ukingoni mwa kaburi, akalitazama jeneza, kisha akamtazama mwenzake aliyekuwa ng'ambo ya shimo. Akasema taratibu, "Mkulima, umekuja msibani. Leo ndege wanakula nini?"

Walikuwepo pale watu wengi wa lile darasa. Kila mmoja alilijua jibu. Nilimwona dada mmoja akiliunda mdomoni bila sauti, kama anayemnong'oneza mwenzake kwenye mtihani. Ni maneno machache tu. Mkulima aliegemea jembe lake. Alifikiri muda mrefu, na naapa aliwahi kufika kwenye tabasamu, nililiona likianza. Halafu likazimika. Akasema, bila ukali wowote, "Ndege hawana cha kula. Ng'ombe wako walimaliza."

Hakuna aliyemtukana mwenzake. Hakuna aliyekasirika, na kwa sheria ya mwalimu hakuna aliyeshindwa. Mfugaji akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa sawasawa, akatua kibuyu chake juu ya udongo uliochimbuliwa, akaondoka kwa njia aliyojia. Mimi, mtani wa kuzaliwa, mwenye mdomo unaojulikana kuanzia Kilosa hadi Mikumi, nilitafuta neno la kuwachekesha watu na sikulipata. Tukamzika kimya, kama watu wasio na watani. Maziwa yalibaki pale mpaka jua likayaharibu.

Nimelifikiria jibu lile siku zote hizi. Nilitaka kumkasirikia yule kijana, nikashindwa, kwa sababu hakukosea. Watoto wake watakula nini? Utani unahitaji vita viwe vimechoka kwanza, na hivi vyetu tunavilisha kila msimu. Mwalimu wangu alidhani anaweza kuvichosha vita kabla havijawafikia watoto, na nusura aweze. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hawakusema kwamba akishakua lazima awe na mahali pa kupanda na mahali pa kunyweshea. Yeye alimaliza sehemu yake, kwa chaki na kwa mdomo. Sisi tuliobaki, wenye mashine, wenye mihuri, wenye ng'ombe na wenye mashamba, tuliwapokea wale watoto wakiwa wanajua kucheka, tukawarudishia sababu zote za kulia. Basi msinialike tena kwenye semina ya kuwafundisha watoto kupatana. Watoto walishafundishwa, nami nilikuwepo wakicheka. Tuwekeni mpaka na njia ya ng'ombe kwanza, sisi wenye mvi, tena mbele yao wakiona. Na kama hilo limetushinda, tuwe na haya ya kutowaomba wafanye kwa mzaha tulichokataa kukifanya kwa akili zetu timamu.