Mashini Mbili kwa Njia Moya

Papa yangu alikuwa na boti ya kuloba ndagala, tule tusamaki tudogo twa ziwa, na ile boti ilifungwa. Haikufungwa na polisi, ilifungwa na muchanga. Mvua ilishusha udongo ya mulima yote mu kale kamulango ka maji tunakopitishaka boti kwenda mu ziwa, na boti ikabakia ndani sawa kuku mu kitunga. Na mwezi ilikuwa inakufa. Ndagala inalobwa mu giza. Kama boti haitoke mu siku tatu, tutakula sombe kavu, majani ya muhogo bila samaki, mupaka giza ingine.

Mashini ya mazutu ya kuchimba ilikuwako mu muji, mazutu yenyewe, mafuta yake, njo haikuwako. Zaire yetu ile! Muntu moya akakumbuka zile mashini mbili za moshi za muzungu wa pamba, njia ya Niemba. Zamani zilikuwa zinalima: moya ngambo hii ya shamba, moya ngambo ile, katikati kamba ya chuma, zinavutana jembe.

Papa akasema: "Zilivuta jembe mu udongo kavu, zitashindwa na matope?"

Zikakuja zenyewe kwa magurudumu yao, zinakula kuni, zinakohoa, siku nzima. Hata mbuzi zilizipita.

Wa kuziendesha walikuwako, wazee wawili wa reli, wa wakati ya treni ya moshi. Kila mumoja akapanda yake, mumoja ngambo hii ya maji, mumoja ile. Katikati ya kamba tukafunga kijiko ya chuma ya kuchota matope, kubwa sawa kitanda. Mvuke ikapanda. Papa akapiga kelele: "Vuta!"

Hakuna aliyevuta.

Nikakimbilia muzee wa kwanza. "Muzee, kuna nini?"

"Mutoto, njia ni ngapi?"

"Moya. Kamba moya."

"Na kule mbele kuna nini?"

"Mashini."

"Basi. Miaka makumi tatu sijaingia mu njia yenye mashini ingine mbele. Nitaanza leo juu ya ndagala?"

"Lakini Muzee, haiendi! Inavuta tu, magurudumu imesimama!"

"Ajali zote zinaanzaka na muntu anayesema 'lakini Muzee'."

Nikazunguka maji mupaka kwa wa pili. Maneno ileile, na tusi juu yake. Kwa reli, akasema, njia moya ina fimbo moya. Mwenye kushika fimbo njo anatembeza mashini, mwingine anangoja.

Papa akaingia nyumbani, akatoka na muchi wa mama. "Fimbo njo hii. Kimbia."

"Na sombe nitatwanga na kichwa yako?" mama akauliza.

Muzee wa kwanza akapokea muchi, akaugeuza sawa anatafuta kashe, muhuri ya serikali, akapiga firimbi, akavuta. Kijiko ikafika imejaa matope! Sasa zamu ya wa pili. Mimi mwenye akili ya masomo ya primere nikatupa muchi mu kijiko, uvuke wenyewe. Kijiko inavutwa na nani? Na wa pili. Wa pili anangoja nini? Muchi.

Nikakimbia. Kila kijiko, muzunguko moya. Siku ya pili nikachoka, nikaogelea, muchi chini ya kidevu. Mama aliazima muchi wa jirani na akanitukana mbele ya jirani.

Siku ya tatu, saa kumi, papa akasema maji inatosha. Tukasukuma boti. Katikati ya mulango tumbo yake ikalala mu matope, ikakatala kutembea. Papa akafunga boti kwa kamba ya chuma, upande wa muzee wa pili, ngambo yenye kuelekea ziwa. Jua ilikuwa inashuka. Muchi ulikuwa kwa wa kwanza, na mimi nimezama matope mupaka kiuno.

"Fimbo!" wa kwanza akalia. "Hana fimbo!"

Wa pili akamuangalia papa, akaangalia jua. Akavuta.

Boti ikateleza, ikaingia mu ziwa, na papa akaondoka nayo bila kuaga muntu.

Wa kwanza hakumusalimia mwenzake juma nzima. Asubuhi ya kesho yake nilipomupelekea ndagala za usiku ule, akasema hizi zilipita bila ruhusa, akaniuliza kama kuna zingine.