Mawe Meupe Ndani ya Tangi la Samaki

Nikiwaambia watu kwamba nilifanya kazi ya kutunza samaki Mpanda mjini, wanacheka. Mpanda mjini hakuna ziwa. Ziwa liko Karema, na miaka ile lori lilitumia siku nzima kutoka Karema, mvua ikinyesha siku mbili. Lakini mimi nilikuwa na samaki arobaini na kitu, wazima, ndani ya tangi la kioo refu kuliko kitanda cha watu wawili. Niliwajua mmoja mmoja. Niliwajua kuliko nilivyomjua baba wa mtoto wangu, aliyekwenda Sumbawanga kutafuta nyumba ya kupanga na mpaka leo anaitafuta.

Tangi lililetwa kwa treni, limefungwa magunia na majani makavu. Wakubwa walitaka wananchi waone mali ya Ziwa Tanganyika. Walilifikisha kwetu, ofisi ya uvuvi, wakatia samaki, wakalisahau. Mimi nilikuwa karani, nina kidato cha nne na mtoto wa kike wa miezi saba mgongoni. Kidato cha nne chenyewe nilikimaliza nikiwa na mimba ambayo shule haikuijua. Ingeijua, mtihani nisingeufanya. Basi mkuu wa ofisi akanitupia mezani karatasi za mashine zilizokuja na tangi.

"Wewe umesoma. Hizi ni za Kiingereza. Zisome."

Nikazisoma. Hivyo ndivyo tangi lilivyokuwa langu.

Pampu zilikuwa mbili. Ya kwanza ilivuta maji kutoka chini, ikayapitisha kwenye sanduku la mchanga na kokoto, ikayarudisha juu yakiwa yameacha uchafu humo. Ya pili haikuchuja chochote. Kazi yake ilikuwa kuyasukuma maji tu, yazunguke, yasilale. Mwanzoni niliiona haina maana, nikaielekeza popote. Wiki ya tatu nikaona nyuma ya mawe kumejaa mavi ya samaki na mabaki ya chakula, na upande ule samaki hawaendi. Nikachukua pumba za mahindi, nikawa nadondosha kidogo kidogo na kuzifuata kwa macho. Zilikwenda mpaka kwenye jiwe kubwa, zikasimama, zikazama. Nikageuza mdomo wa pampu ukapiga kioo cha mbele, maji yakashuka, yakarudi chini chini hadi kwenye mdomo wa pampu ya kwanza. Safari hii pumba zilizunguka tangi zima, zisisimame popote. Nilikaa kwenye kiti nikatazama pumba zikizunguka, nikajiona nimefanya jambo. Hakuna aliyenifundisha hilo.

Umeme ulitoka kwenye jenereta ya mji, asubuhi mpaka saa saba, kisha tena jioni, dizeli ikiwapo. Katikati hapo nilikuwa mimi pampu. Nilichota maji kwa ndoo nikayamwaga kutoka juu, nikachota, nikamwaga, mtoto amelala ndani ya boksi chini ya meza. Maji ya bomba yalikuwa na dawa, siku nyingine na tope, kwa hiyo niliyalaza kwenye mapipa matatu nyuma ya ofisi kabla ya kuyatumia. Kila mtu aliambiwa: mapipa yale hayaguswi.

Watu walikuja kuwatazama. Mzee mmoja mkulima wa mpunga kutoka Mwamkulu alizunguka tangi mara mbili, mikono nyuma.

"Mwanangu, hawa mnawala lini?"

"Hawaliwi, baba. Ni wa kutazama."

"Wa kutazama." Akainama karibu na kioo. "Na wewe unalipwa kwa kuwatazama?"

"Nalipwa kwa kuwasafishia maji."

"Samaki anasafishiwa maji," akamwambia mwenzake, na walicheka mpaka barabarani.

Nilivumilia kwa sababu moja. Ilikuja fomu ya kozi ya uvuvi Mwanza, nafasi moja kwa ofisi yetu. Kozi yenye cheti, na mwenye mtoto anapewa chumba. Mkuu alisema mbele ya wote kwamba mgeni kutoka mkoani akija na kukuta samaki wazima, fomu ataisaini kwa jina langu. Sikuomba kupendelewa. Nilisema sawa, na nikafanya kazi.

Mgeni alitakiwa kufika Ijumaa. Kwetu mgeni mkubwa akija kuna utaratibu wake: majani yanafyekwa, njia inafagiwa, na mawe ya kandokando ya njia yanapakwa chokaa mpaka yang'ae. Nadhani mtu angepaa angani wiki hiyo angeiona Mpanda nzima ina madoa meupe. Alhamisi asubuhi nilikwenda kliniki kumpima mtoto. Niliomba ruhusa, nikapewa. Foleni ilikuwa ndefu, nikarudi saa tano.

Njia ya ofisini ilikuwa imeng'aa. Ndani, tarishi wetu, mwanaume mtu mzima mwenye wake wawili huko Nsemulwa, alikuwa amesimama mbele ya tangi na burashi mkononi, anatabasamu. Mawe yote ndani ya tangi yalikuwa meupe.

"Dada, tazama," akasema. "Yamependeza au hayajapendeza?"

Maji yalikuwa kama ya kuoshea mchele. Samaki walikuwa juu kabisa, midomo nje.

"Umefanya nini?"

"Mkuu amesema mawe yote yapakwe. Nimeyatoa, nimeyapaka, nimeyaanika juani yakakauka kabisa. Sijayarudisha mabichi, mimi si mjinga."

Pampu zote mbili zilikuwa zinafanya kazi. Ile ya pili ilikuwa inapiga kioo cha mbele, chokaa inashuka, inarudi chini chini, inapita nyuma ya kila jiwe. Hakuna kona iliyosalimika. Nilikuwa nimeitengeneza vizuri mno. Nikachomoa waya.

Mkuu alitoka ofisini kwake kwa sababu kelele za mota zilikatika.

"Nani amezima?"

"Mimi, Ndugu Mkuu. Pampu zinasambaza chokaa. Itawaua."

"Washa."

"Nitoe mawe kwanza."

"Sikiliza, bibie. Maji yamechafuka, na pampu ni za kusafisha maji. Si ndivyo ulivyotueleza wewe mwenyewe, umesimama hapo hapo?"

Nilisema zinasafisha uchafu, chokaa si uchafu, chokaa inayeyuka, mchanga hauishiki. Nilisema kwa Kiswahili, nikasema tena polepole. Akaniuliza kama nataka mgeni aone mitambo ya serikali imezimwa. Tarishi akachomeka waya. Hakuwa na ubaya, alitumwa tu, na ndiyo maana mpaka leo sijui nimchukie vipi.

Nikasema basi nibadilishe maji. Nikakimbilia nyuma. Mapipa mawili yalikuwa matupu, na la tatu lilikuwa na chokaa chini, nene kama uji. Humo ndimo tarishi alimokorogea.

"Yalikuwa maji yaliyokaa tu," akasema nyuma yangu. "Nikaona heri nitumie hayo kuliko kupanga foleni bombani."

Bomba lilikuwa limekauka tangu asubuhi.

Nilirudi, nikamlaza mtoto ndani ya boksi lake, nikaingiza mikono mpaka mabegani, nikatoa mawe moja moja. Mkuu hakunizuia, alikwenda kuhangaikia viti vya mgeni. Chokaa iliniingia kwenye mikwaruzo, mikono ikawaka moto. Nilipotoa jiwe la mwisho saa saba ilikuwa imefika na jenereta ikazimwa, kwa hiyo pampu zilisimama zenyewe, baada ya kumaliza kazi. Mtoto akaamka, akalia njaa. Sikuweza kumshika. Mikono ilikuwa myeupe, na hapakuwa na maji ya kunawa. Nilikaa chini karibu na boksi lake nikamwambia subiri mama, subiri, na yeye hakujua kusubiri ni nini. Mke wa jirani wa ofisi ndiye aliyekuja na kopo la maji akaninawisha kama maiti.

Samaki walianza kulala ubavu mchana ule. Wale wa manjano kwanza, kisha wale wenye mistari. Ngozi zao zilitoa ute, macho yakaingia ukungu. Nilichota maji yale yale kwa ndoo nikayamwaga kutoka juu, nikachota, nikamwaga, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya. Jioni walikuwa wamebaki watatu. Asubuhi hakuna.

Mkuu aliamuru tangi limwagwe, lioshwe, lijazwe maji ya bomba yaliyokuja alfajiri. Na mawe meupe yarudishwe. Yalirudishwa. Pampu zikawashwa, na kusema kweli maji yalizunguka vizuri.

Mgeni alifika saa nne na watu wake. Alisimama mbele ya tangi muda wa kunywa nusu glasi ya soda.

"Maji safi sana," akasema. "Na samaki?"

"Wako njiani, Ndugu. Kutoka Karema," Mkuu akajibu.

"Safi. Na mawe haya yamewekwa vizuri. Nani amefanya?"

Mkuu akamsukuma tarishi mbele kidogo. Mgeni akampa mkono.

Jumatatu niliingia ofisini kwa Mkuu kabla hajakaa vizuri, nikamuuliza habari ya fomu.

"Samaki walikufa, mama," akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayenipa pole ya msiba. "Na siku yenyewe wewe hukuwapo, ulikuwa kliniki. Mimi niandike nini hapo?"

"Uandike chokaa."

"Mgeni ameyasifu yale mawe kwa mdomo wake. Niandike chokaa imeua?"

Akavuta fomu, akajaza jina la tarishi, ambaye hakuvuka darasa la nne, herufi moja moja. Ilipofika mahali pa sahihi, kalamu yake ilikauka. Akaitikisa, akajaribu pembeni, haikuandika.

Akanyoosha mkono kwangu bila kuinua uso. Nikampa yangu.