Nyevu Aliyekwenda Jeshini na Hina

Nyevu binti Katana wa Kenga wa Gunga. Gunga ndiye aliyewabeba wagonjwa wa ndui mgongoni, mji mzima umefunga milango. Kenga mwanawe alibeba machela huko Burma katika vita vya Wazungu, akarudi bega moja limeshuka. Katana naye alisukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini mpaka siku aliyozawadiwa saa ya ukutani akastaafu, na hajatokea mtu akasema Katana alimwangusha. Ukoo wa wabebaji. Nyevu ndiye wa kwanza kusomea kazi yenyewe, akatoka na cheti cha uuguzi, na mtaa mzima wa Kibokoni ukamwita Sista, hata wazee waliomwona akitambaa.

Miaka ile ya tisini jeshi lilitangaza kuwa lataka wauguzi waliohitimu, na watachaguliwa uwanjani Tononoka. Nyevu alilingoja neno hilo tangu akiwa mdogo, akilisugua bega la babu yake kwa mafuta ya nazi. Na umri wake ulikuwa ukingoni. Mwaka ule ukimpita, basi tena.

Kilichomkaa rohoni ni mguu wa shangazi yake, Bi Kiti. Huyu alikuwa fundi wa kupaka hina, na biharusi wa Kibokoni asiyepita mikononi mwake huhesabu harusi yake nusu. Ugonjwa wa sukari ulimtoboa kisigino. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Nyevu humwosha kidonda na kukifunga. Mtu mwingine Bi Kiti hakubali amguse. Mwanawe Kingi, kuli wa bandarini mwenye kifua kama mlango, akiiona shashi yenye usaha hutimkia barazani.

Bi Kiti alipewa habari za jeshi asubuhi, akifungwa kidonda. Jioni akakoroga hina.

"Lete mikono."

"Shangazi, naenda jeshini, siendi kuolewa."

"Wenda kusimama mbele za watu. Mtoto wa Katana hasimami na mikono kama ya mpara samaki. Lete."

Nyevu akampa. Kazini asingethubutu, lakini alidhani wanajeshi huangalia miguu na meno, basi. Akapakwa viganja, vidole na kucha zote, mpaka zikawa nyekundu nzito kama komamanga.

Tononoka alikimbia akawapita wasichana wa bara walio wadogo kwake. Meno sawa, macho sawa. Kisha Kapteni Ogutu, daktari wa jeshi, akamshika kidole akaibinya kucha, ili aone damu ikirudi. Akabinya nyingine. Akainua uso.

"Sista, jeshi ndilo bwana harusi?"

Foleni ikacheka.

"Ndilo, afande, na lachelewa kuposa."

Kapteni naye akacheka, lakini kalamu haikugusa karatasi. "Kucha hunieleza habari za damu, za moyo, za mapafu. Zako zimenyamaza. Kesho ndiyo siku ya mwisho. Njoo na kucha ninazoweza kuziona, ama nikupe pole."

Nyumbani wakajaribu ndimu, wakajaribu majivu. Hina ya Bi Kiti haikuwa ya kutoka kwa ndimu, na hiyo ndiyo sifa iliyomlisha. Jirani akaleta dawa ya kung'arishia nguo. Nyevu akamrudishia, kwani muuguzi mwenye mikono iliyobabuka hafai jeshini wala kwao.

Kingi, ameegemea mlango, akasema, "Mama amekutia kufuli, Sista. Mguu wake umeshapata askari wake."

"Kingi, funga domo."

Lakini Bi Kiti hakumkemea mwanawe. Aliiangalia ile mikono ya Nyevu, akaiangalia sana.

"Sikujua kucha zapimwa," akasema. "Ila nilipokuwa nikizipaka, nilikuwa naomba wasikuchukue. Hilo nalijua."

Asubuhi akataka buibui lake. Tangu kidonda kianze alikuwa hajatoka nje ya mtaa, na gari haiingii kwenye kichochoro chao. Kingi akachutama, akampandisha mgongoni, akampeleka mpaka barabarani penye teksi, wakapanda wote watatu.

Tononoka, ndani ya hema la jeshi, Bi Kiti aliketi mbele ya kapteni, akaunyoosha mguu juu ya kiti cha pili bila kuambiwa.

"Hina ni yangu, baba. Kosa la rangi nihukumu mimi. Yeye mikono yake itazame hapa."

"Mama, hapa twachagua..."

"Fungua."

Kapteni akaifungua bendeji. Kidonda kilikuwa chekundu kisafi, hakina harufu, nyama mpya imeanza kuota kingoni.

"Kina muda gani?"

"Tangu Ramadhani iliyopita. Hospitalini walitaka kuukata mguu."

Akakitazama tena. Kisha akamwita msaidizi wake, akamwambia amtoe Nyevu damu kwenye mshipa wa mkono na ikapimwe siku ile ile.

"Mguu wa mama hauniambii kama una damu ya kutosha," akamwambia Nyevu. "Lakini sitakurudisha kabla sijajua."

Majibu yakaja mazuri, na jina la Nyevu likaingia. Kapteni alikuwa akimfunga Bi Kiti bendeji kwa mkono wake. Akauliza, "Na huyu akienda mafunzoni, nani atauosha?"

Kingi alikuwa akiangalia paa la hema.

Siku ya safari, Nyevu aliweka bakuli la maji ya chumvi yaliyochemshwa, shashi na bendeji mpya. Hina ilikuwa imeanza kupauka, na kucha zimeota weupe kwenye mashina. Akamwita Kingi.

"Siwezi, Sista. Afadhali unitwishe magunia."

"Si ulimbeba siku ile?"

"Mgongoni simwoni."

"Basi leo utamwona."

Bi Kiti akauinua mguu mwenyewe, akauweka juu ya goti la mwanawe. "Ukikimbia," akamwambia, "ukimbie nao."

Kingi akacheka, jasho lamtoka. Nyevu akamtia sabuni kiganjani.

"Anza na mikono yako, mpaka kwenye viwiko. Na iwe kila siku, Kingi. Hata siku ya meli kubwa."