Champali za Kamla

Nizitupe champali hizi, ati uchawi wa Kibaniani? Nani kakwambia Bi Jamna akiroga? Mie nilikuwepo, wee hukuwepo!

Hadi leo nikisikia harufu ya samli ikiungua, namwona. Kakaa mkekani nyuma ya duka lao pale Kengeja, taa ya samli mbele yake, anaghani utenzi kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya dini yao. Hata mjukuu wake Kamla, shoga yangu, haijui. Basi bibi anaghani kidogo, ananyamaza, anatufasiria kwa Kiswahili cha kwetu. Na mie kila akinyamaza naitikia "Amin!" kama nilivozoea chuoni kwenye Kurani. Kamla hucheka mpaka akajishika mbavu.

"Mwache mwenzio," bibi humwambia. "Amin yake yafaa."

Utenzi wenyewe ni wa mwana wa mfalme aliyekwenda kuishi porini miaka na miaka, ili ahadi ya baba yake isivunjike. Ndugu yake kamfuata, kambembeleza arudi, wapi! Mwisho kamwomba viatu vyake, kaviweka kwenye kiti cha ufalme, asikae mtu mpaka arudi mwenyewe.

"Kwani asikae yeye?" nikauliza. "Si kitupu?"

"Si kitupu, mwanangu. Kina mwenyewe."

Kisha ukaja mwaka ule wenye maduka walipoanza kuhama. Asubuhi gari la abiria limesimama mlangoni pao, masanduku juu, Kamla analia. Nimwambie nini? Nikamwambia, "Nipe champali zako."

Mama kanivuta mkono. "We mtoto huna haya! Watu wanahama, wee waomba viatu?"

Bi Jamna kainama, kamvua mjukuu wake champali kwa mkono wake mwenyewe, kanipa. Machozi yanamtoka.

"Amin," akasema.

Kamla kapanda gari peku.

Nikaziweka juu ya kigoda. Zangu zilikuwa zimekatika, mama kataka nivae hizi. Nikagoma, nikapigwa, chuoni nikenda peku.

Utotoni nilidhani viatu ndivo vinavomrudisha mtu. Ukubwani ndo nimefahamu: vinamfunga aliyebaki.

Ngozi imekauka, imepasuka. Kigoda hajakikalia mtu. Haya, wee mwenye kusema nizitupe: Kamla akishuka garini kesho, peku vile vile, utamjibu wewe?