Dereva Aliyeitembea Barabara Yake kwa Miguu

Madereva wenzake walimwita Kinyonga, kwa ule mwendo wake wa kuweka gurudumu kana kwamba anaiuliza ardhi kwanza kama itamkubali. Hakukasirika. Kwa miaka kumi na tisa alishusha magogo kutoka msituni hadi kiwanda cha mbao, na hakuwahi kuangusha hata gogo moja. Kati ya waliomcheka, wawili malori yao yalikuwa yamelala bondeni.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Alirudi jioni, akaketi karibu na dirisha, na ole wake atakayemsemesha. Mlango ukijibamiza, anaruka. Binti yake akimwaga maji, anafoka mpaka majirani wanapunguza redio wapate kusikia vizuri. Mkewe alimkuta mara nyingi ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, vidole vimekakamaa kama bado viko kwenye usukani.

"Mume wangu, una nini?"

"Uchovu tu."

"Uchovu gani huu usioisha mwaka hadi mwaka?"

Muuguzi wa kiwandani alimpima presha, akaikuta iko juu, akampa vidonge. "Punguza mawazo, mzee," alimwambia. Kinyonga alitoka akijiuliza ayapunguze kwa panga au kwa msumeno.

Kisha akaja mhandisi wa barabara, msichana wa miaka kama ishirini na saba, kofia ngumu ikimpwaya kichwani. Alikuwa na kifaa cha kuvaa mkononi kama saa, cha kuhesabu mapigo ya moyo, na alitaka kushuka mlima na dereva.

"Shikamoo, mzee. Nimeambiwa hakuna anayeijua njia hii kama wewe."

"Marahaba. Mimi nimeambiwa umekuja kuangalia nani kazeeka."

"Nimekuja kuipima barabara."

"Basi ivalishe barabara hiyo saa."

Msichana alicheka kwa dhati, bila kinyongo, na Kinyonga akajikuta amenyoosha mkono.

Walishuka na mzigo kamili. Kinyonga alijua moyo ungemruka kwenye kona kali waliyoiita Kiwiko. Lakini kabla hawajafika huko, mhandisi aliinua macho kutoka kwenye daftari.

"Mzee, mapigo yamepanda tangu kilomita mbili nyuma. Na hapa barabara imenyooka kabisa."

Kinyonga alibadilisha gia. "Imenyooka, lakini hakuna pa kupishana. Kuanzia hapa mpaka Kiwiko nasikiliza tu. Unadhani kwa nini nimezima feni na joto hili?"

Ndipo akamsimulia. Miaka sita nyuma, mvua ikinyesha, alikutana uso kwa uso na lori tupu linalopanda. Kwa kawaida lililo tupu ndilo hurudi nyuma, lakini dereva wake alikuwa mgeni, hofu ikamgandisha mikono. Kinyonga akarudi nyuma yeye, na magogo yake, hatua baada ya hatua, hadi gurudumu moja la tela likaning'inia hewani, ndipo lile tupu likapata pa kupenya.

"Na barabara yenyewe imelalia bondeni," aliongeza. "Ikilowa, lori zima linataka kwenda kule."

"Mbona hamkusema?"

"Ukisema unaogopa kona, kesho unakabidhiwa ufagio."

Jumapili mhandisi alimwomba waipite njia ile kwa miguu, na futi ya kamba na kopo la rangi nyeupe. Miaka yote hiyo Kinyonga hakuwahi kuikanyaga. Alipofika pale gurudumu liliponing'inia, alichungulia chini, akaona vilele vya miti mbali sana, vidogo kama vichaka. Akaketi kwenye jiwe, akafuta macho kwa kiganja. Mhandisi aligeuka, akapima upya kitu alichokwisha kukipima.

Baadaye Kinyonga alishika brashi mwenyewe. "Hapa lori lingoje. Hapa pia. Vichaka hivi vya ndani ya kona vifyekwe, nimwone mtu kabla hajaniona. Na njia iinamie mlimani."

Alichagua mahali pane pa kupishana. Meneja alilalamika wiki nzima, akakubali pawili, pamoja na kufyeka na kuinamisha upya Kiwiko. Kazi ilichukua kiangazi kizima.

Siku ya tatu baada ya njia kufunguliwa, Kinyonga aliona lori tupu likimngoja pembeni, dereva wake anamenya chungwa. Alipita. Alipofika kiwandani ndipo alipogundua kuwa feni ilikuwa ikizunguka njia nzima.

Jioni ile alimweleza mkewe habari ya gurudumu.

"Miaka sita!" Mkewe alimchapa begani kwa kitambaa cha vyombo. "Miaka sita nalala na mtu aliyening'inia, wala sijui!" Kisha akavuta kiti, akaketi ubavuni pake, akamshika mkono.

Vidonge bado anameza. Lakini kila mwisho wa mwezi huingia ofisini kwa meneja, kofia mkononi, kuulizia sehemu za kupishana zilizobaki. Mwaka uliofuata ofisi ilichonga ya tatu, labda ipate kupumzika na maswali yake; sasa anaulizia ya nne.